SOMO: KUWEKA PETROLI NA RANGI KWA SALAMA

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu ukikaribia, kila mmoja wetu hushughulika bandani mwake: milango ya ghala hupakwa rangi, na petroli ya mashine huletwa kwa madumu. Mabanda mengi yamepakana na chumba cha karafuu kavu. Moto ukizuka, saa moja yatosha kuunguza jasho la mwaka mzima.

Kwanza yafaa tujue kwamba kinachowaka si petroli yenyewe bali mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Seuze katika joto letu! Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukafika jikoni au penye kibatari, kisha moto hurudi kwa njia ile ile hadi kwenye dumu.

Basi na tufanye haya:

1. Petroli isiwekwe nyumba tunayolala, wala pamoja na karafuu. Iwe na kibanda chake, penye kivuli, chenye matundu ya hewa juu na chini, mbali na moto.

2. Chombo kiwe maalumu kwa petroli, kifungwe barabara, kiandikwe jina, wala kisijazwe pomoni, kwani petroli hutanuka kwa joto. Chupa za soda zisitumiwe kabisa. Mtoto mwenye kiu hasomi.

3. Makopo ya rangi, vanishi na tapentaini yafunikwe mara baada ya kazi. Mabaki yasimwagwe karibu na kisima.

4. Matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe. Mafuta hayo yakikauka hujitia joto yenyewe, na rundo huweza kuwaka pasipo kiberiti. Yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke.

5. Ndoo ya mchanga mkavu iwe mlangoni. Petroli inayowaka haizimwi kwa maji, kwani huelea juu yake na kuueneza moto.

Huenda mwenzetu akasema: "Dumu langu liko chini ya kitanda miaka yote, na hapana lililotokea." Twamjibu kwamba mvuke hauna mazoea na mtu, wangojea cheche moja tu. Hata pasipo moto, karafuu iliyolala karibu na mafuta ya taa hushika harufu yake, na mnunuzi ana pua.

Tahadhari kabla ya hatari. Kila mwanachama na akague banda lake kabla ya chuma cha kwanza.

Katibu