Kuipima Riwaya kwa Uadilifu

Katika darasa letu hapa Namuwongo tulibishana kuhusu Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Mmoja alisema imeichezea Sura Yusuf. Nikamuunga mkono, nami sijaimaliza. Nilikosea: tumeamrishwa uadilifu hata kwa tusiowapenda. Tupime mambo matatu.

Wahusika: Yusuf huyu si nabii. Ni mtoto wa miaka 12 aliyewekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la babake. Je, matendo yake yanalingana na hali yake?

Msuko: mke wa tajiri anamrarulia shati kwa nyuma, kama katika Sura. Lakini kijana huyu hakabidhiwi hazina za nchi. Mwishowe anawakimbilia askari wa Wajerumani. Hapo ndipo swali lilipo: asiye na mlinzi akimbilie wapi?

Uhariri: makosa ya chapa, majina yanayobadilika, sura zinazojikokota. Hayo asibebeshwe mwandishi peke yake.

Kusimulia dhambi si kuihalalisha. Qur'ani imetusimulia Firauni. Tusome hadi mwisho, ndipo tuhukumu. Wallahu a'lam.