Chuma Kifaacho Jembe na Panga

Katika Kitui na Makueni mvua za vuli, zianzazo yapata Oktoba au Novemba, ndizo azitegemeazo zaidi mkulima. Jembe likivunjika wakati huo, siku zilizopotea hazirudi.

Wafua vyuma wa Kikamba wa zamani walijitengenezea chuma chao. Waliosha mchanga mweusi wa mitoni, uliojaa madini ya chuma, wakauchoma kwa makaa ya miti huku viriba vikivuma, wakafua vichwa vya mishale, visu, na mikufu myembamba ya ajabu. Siku hizi mfua chuma huokota vyuma vikuukuu, navyo hufanana kwa sura tu.

Kinachovitenga hasa ni kaboni, kitu kilekile kilicho katika makaa. Chuma laini, kama waya wa kufungia, kina kaboni isiyofika sehemu 3 katika 1,000: hupindika bila kuvunjika, lakini hakishiki makali. Springi ya lori ina yapata sehemu 5 au 6, nayo hufaa sana kwa panga na jembe. Chuma cha kusubu, kama cha injini kuukuu, huzidi sehemu 20. Hicho hakifuliki, hupasuka. Chuma kisichoshika kutu, cha vijiko na sufuria, kimetiwa kromi zaidi ya sehemu 100.

Hata springi njema huharibika mikononi mwa mwenye haraka. Huchomwa hadi iwe nyekundu na sumaku isiishike tena, kisha huzimwa katika mafuta. Wengi huishia hapo, na ndipo lawama huanza, kwa maana chuma kilichozimwa ni kigumu lakini huvunjika kama kioo. Fundi stadi hukisugua mpaka king'ae, akakipasha moto tena polepole akiangalia rangi: manjano hufaa kisu, zambarau au buluu hufaa jembe na shoka, ambavyo hupiga mawe.

Bati na mabomba yaliyopakwa zinki yasitiwe motoni kamwe. Moshi wake huleta homa.

Mnunuzi mwenye shaka na amwombe fundi akiguse chuma kwenye jiwe la kunolea lizungukalo. Cheche za chuma laini huruka zikiwa mistari mirefu. Za chuma chenye kaboni nyingi hupasuka kama nyota.