MGONJWA ASIYEPONA BADO NI AMANA YETU



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Somo la Ijumaa ya leo linahusu mgonjwa ambaye waganga wamesema ugonjwa wake hautapona. Labda ni baba yako mwenye saratani, au mama mwenye moyo uliochoka, au kijana mwenye UKIMWI uliofika mbali. Tunamfanyia nini huyu?

Mzee mmoja wa jamaa yetu alirudishwa nyumbani kutoka hospitali. Familia iliambiwa maneno machache tu: mpelekeni, hakuna tena cha kufanya. Hakupewa karatasi ya kumpelekea muuguzi wa kituo cha afya cha kartiye. Muuguzi yule anakaa karibu na nyumba ya mzee, lakini hakujua lolote. Sisi wa msikitini tulikwenda kumwona, tukasoma dua, tukaacha sukari na sabuni, tukarudi kwetu. Hakuna aliyemwuliza: unaumwa wapi, na usiku unalala? Mkewe peke yake ndiye aliyesikia kilio chake usiku. Siku ya maziko tulijaa njia nzima.

Ndugu, hospitali ilifanya sehemu yake, kituo cha afya kilikuwepo, familia ilijitahidi, na msikiti ulikuja. Lakini kila mmoja alisimama peke yake, na mzee akaumwa katikati yetu sote.

MFANO WA MADINA

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, swahaba Saad bin Muadh (R.A.) alipigwa mshale uliokata mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) aliamuru asimamishiwe hema ndani ya msikiti, apate kumtembelea kwa karibu. Vitabu vya sira vinamtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa akitibu majeruhi katika hema lake. Saad hakupona. Jeraha lilifunguka, akafariki. Lakini tazama alivyofariki: mwenye ujuzi wa tiba yupo, viongozi wanamzuru, na msikiti ni nyumba yake. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa hataishi, basi kazi imekwisha.

HUDUMA HII NI NINI

Waganga wetu wanaiita kwa Kifaransa soins palliatifs. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema huduma shufaa. Maana yake ni kumtuliza mgonjwa: kumwondolea maumivu, kichefuchefu na kukosa pumzi, kusafisha vidonda, kumliwaza moyo, na kuisaidia familia yake. Haina nia ya kuharakisha kifo wala kukichelewesha, kwani ajali iko mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu karibu milioni 57 wanaihitaji, na wanaoipata ni kama 14 tu katika kila 100. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa shirika hilo ulizitaka nchi zote ziiingize katika huduma zao za afya, kuanzia hospitali kubwa hadi nyumbani kwa mgonjwa.

Nchi yetu ya Kongo ina zoni za afya zaidi ya 500. Kila zoni imepangwa kuwa na hospitali kuu yake, na chini yake vituo vya afya, na chini ya vituo wajumbe wanaopita nyumba kwa nyumba. Njia hiyo tunaitumia kuwapeleka wagonjwa juu: kituo kinaandika karatasi, mgonjwa anakwenda hospitali. Lakini anaporudi chini kwenda kufia nyumbani, mara nyingi hakuna karatasi. Kamba inakatikia hapo. Na kamba hiyo tunaweza kuiunganisha, sisi na waganga pamoja.

WALIOUNGANISHA KAMBA

Jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mjini Kampala. Alileta morfini ya kunywa, unga unaochanganywa na maji na kutiwa katika chupa, dawa ya bei ndogo ambayo mgonjwa anaweza kuinywa kwake. Lakini waganga walikuwa wachache, na vijiji viko mbali. Basi mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika dawa hiyo wenyewe. Serikali, hospitali na watu wa hospice waligawana kazi, na dawa ikamfuata mgonjwa kijijini.

Mfano wa pili uko India, jimbo la Kerala, katika wilaya ya Malappuram ambako Waislamu ndio wengi. Huko majirani wenyewe waliingia katika kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu wa kawaida, mwenye duka au mwalimu, anajitolea angalau saa mbili kwa juma. Anafundishwa kuosha kidonda, kumgeuza mgonjwa kitandani, kumsikiliza. Muuguzi anapita nyumbani pamoja nao, na munganga yuko nyuma yao kwa mambo magumu. Pesa nyingi zilitoka katika sadaka ndogo ndogo za watu wa hapo. Mwaka 2008 serikali ya Kerala iliifanya huduma hii kuwa sehemu ya mpango wake wa afya. Majirani walitangulia, serikali ikafuata.

SWALI: MORFINI SI HARAMU?

Wengine wanaogopa. Wanasema ni dawa ya kulevya, au ikitolewa maana yake mtu anauawa. Ndugu, kilichokatazwa ni kujilevya. Dawa iliyoandikwa na mwenye ujuzi, kwa kipimo, kwa ajili ya maumivu makali, ni tiba, na wanazuoni wameiruhusu kwa haja hiyo. Waganga hawaitoi kwa kila maumivu, bali huchagua dawa kulingana na ukali wa maumivu. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilifundisha kupanda kama ngazi: kwanza dawa nyepesi kama parasetamoli, kisha za kati, kisha morfini; lakini maumivu yakiwa makali, munganga anaweza kuanza na morfini. Ikitolewa kwa kipimo sawa haiui. Yafaa inywewe kwa saa zake, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hiyo mwombeni munganga na dawa ya kulainisha. Ifungiwe mbali na watoto, wala asipewe mtu mwingine hata tone.

Tena fikiri: mtu anayelia kwa maumivu anaswali vipi? Anaandika wasia vipi? Anaomba msamaha vipi kwa aliowakosea? Ukimtuliza, umemfungulia mlango wa ibada yake ya mwisho.

TUFANYE NINI

1. Wewe mwenye mgonjwa: usitoke hospitali mikono mitupu. Omba karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, na namna ya kumwuliza munganga mkiwa na shida. Siku hiyo hiyo ipeleke kwa muuguzi wa kituo chenu.

2. Wewe muuguzi au munganga unayeswali nasi: usiseme "hakuna tena cha kufanya." Sema: ugonjwa hatutauponya, lakini maumivu tutayapigania.

3. Wewe unayekwenda kuzuru: kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yako. Kaa kidogo. Uliza anaumwa wapi, na kama analala. Mkute pia yule anayemwuguza, umpumzishe usiku mmoja. Ukiona maumivu yamezidi, mwendee muuguzi.

4. Imamu na walimu: mfundisheni mgonjwa wepesi wa dini. Asiyeweza kusimama aswali amekaa, asiyeweza kukaa aswali amelala. Maji yakimdhuru atayamamu. Msaidieni kupanga madeni na amana zake akili ikiwa bado nzima.

5. Kamati ya msikiti: ichague watu wawili, mwanaume na mwanamke, waende kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya wamwambie: tuko tayari kufundishwa na kusaidia nyumbani. Na sehemu ya sadaka ya Ijumaa itengwe kwa dawa na pikipiki ya kumfikisha muuguzi. Jirani asiye Muislamu naye asiachwe, kwani maumivu hayaulizi dini.

Ndugu yangu, baada ya swala, kabla hujafika kwako, pita nyumba moja unayoijua ina mgonjwa. Hapo ndipo somo hili linaanza.

Ee Mola, waponye wagonjwa wetu. Uliyemwandikia kuondoka, mwondolee maumivu, mpe shahada ulimini mwake, na utujaalie tuwe karibu naye. Amina.

Wabillahi tawfiq.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani.