Moshi wa jirani unapita wapi?

SWALI: Daktari, nimepanga chumba Manzese, Dar es Salaam. Wapangaji wenzangu wanapikia mkaa koridoni. Hata nikifunga mlango, moshi unaingia, na mwanangu wa miaka minne mwenye pumu anakohoa usiku kucha. Huwa napulizia manukato harufu iishe. Je, inatosha?
Mama mpangaji

JIBU: Haitoshi. Manukato yanafunika harufu tu, moshi unabaki palepale. Tena manukato yenyewe yanaweza kumbana kifua mwenye pumu.

Tazama juu. Katika nyumba nyingi za kupanga, kuta za vyumba huishia kwenye kenchi na dari hakuna. Hewa ya jikoni ikishapata moto hupanda hadi chini ya mabati, huvuka kuta, kisha ikipoa hushukia vyumba vyote. Ndiyo maana mlango haukusaidii. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu upepo umetulia na moshi haupati wa kuutawanya.

Chembe za moshi zinazodhuru zaidi hazizidi mikromita 2.5, unywele mmoja ni mnene kuzishinda kama mara 30. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na kitambaa cha kujifunga puani hakizizuii vya kutosha. Usiitegemee pua pia, maana huzoea harufu upesi. Mkaa uliokolea vizuri hautoi moshi mwingi, lakini unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu anaweza kufa usingizini bila kushtuka.

Kwa hiyo kaeni kikao, majiko yahamie uani: si kuwashia tu, hata kupikia. Mwombeni mwenye nyumba aweke dari, au zibeni mwanya ulio juu ya ukuta wa korido, ila madirisha yaachwe yapitishe hewa. Watu wakipika, mtoto akae nje, upande upepo unakotokea.

Mpeleke pia kliniki, dawa yake ya kuvuta iangaliwe upya. Ukiona mbavu zinabonyea anapohema, midomo inabadilika rangi au anashindwa kuongea, usingoje kukuche. Mkimbize hospitali.