MATOPE, MAJI NA KUTU KATIKA MOTOKAA

Mwenye motokaa hufurahi mvua ikatikapo, akidhani hatari imepita. Lakini vumbi la barabarani likilowa huwa tope, nalo tope hujibana ndani ya madigadi na kushika maji kwa siku nyingi. Kutu huzaliwa pale chuma, maji na hewa vikutanapo. Kadhalika maji ya mvua huteremka kandokando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, yapate kutoka kwa vitundu vilivyo chini yake. Vitundu hivyo vikizibwa na taka, maji hutuama, na mlango huliwa na kutu kutoka ndani, bila kuonekana mpaka rangi ivimbe. Pwani, kama Mombasa, chumvi iletwayo na upepo wa bahari huzidisha kutu.

Basi yafaa kufanya hivi. Usipanguse vumbi kavu kwa kitambaa, kwani mchanga uliomo hukwaruza rangi. Mwaga kwanza maji mengi, ukianzia juu. Osha ndani ya madigadi, na vitundu vya milango uvizibue kwa kijiti. Uioshe motokaa kivulini, maana tone la maji likaukalo juani huacha doa. Rangi yaweza kupakwa tena. Chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi.