Kurekebisha Makosa ya Mti Katika Upinde

Tangu 1977 uwindaji umepigwa marufuku Kenya. Lakini pinde za ngoma na michezo ya kuigiza bado zahitajika, na kijana wa Karatina aweza kuzichonga. Shida ni kwamba wengi hutupa mti mzuri mapema, au huvuta ulioharibika mpaka ukawarukia usoni. Tujifunze basi.

Kanuni ni moja: mti uliokwanguliwa haurudi. Kwa hivyo hatuongezi palipo dhaifu, tunapunguza palipo na nguvu.

1. Upande mmoja ukikunjika kuliko mwenzake, usiuguse. Kwangua ule mgumu kwa kisu, upande wa tumbo unaomwelekea mpigaji. Vuta kidogo, tazama, kwangua tena. Upinde utapungua nguvu, lakini utadumu.

2. Mahali pakijikunja kama kiwiko, paache. Punguza huku na huku.

3. Penye fundo, acha mti uwe mnene kidogo.

4. Ukipinda kando, paka mafuta, pasha juu ya makaa bila kuunguza, nyoosha polepole, shikilia mpaka upoe.

5. Ufa mdogo unaofuata nyuzi, funga kwa kano za ng'ombe. Ufa unaokata nyuzi mgongoni hauna dawa. Usivute tena! Mti huo ufanye mpini wa kisu.

Swali la kikundi: Pinde tulizovunja, ni ngapi tulizikwangua palipokuwa tayari dhaifu?