Sukari Isiyo Tamu

Chukua tonge la ugali mtupu, ulitafune bila kulimeza upesi. Baada ya dakika moja au mbili utaonja utamu kidogo. Umetoka wapi, nawe hukutia sukari?

Wanga wa mahindi ni mnyororo mrefu wa sukari ndogo ndogo zilizoshikamana. Mate huanza kuukata, utumbo humaliza, ndipo mwili hupata nguvu.

Lakini iko minyororo mingine ambayo mate na utumbo wetu haviwezi kuikata. Hiyo ndiyo nyuzinyuzi za pumba, maharagwe na sukuma wiki. Ng'ombe wa Kabete hushiba majani kwa sababu tumboni mwake mna vijidudu vinavyoikata.

Je, kwetu sisi pumba ni takataka? Sivyo. Madaktari Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliofanya kazi Mulago, Uganda, waliona kwamba maradhi kadha ya utumbo yaliyoenea Ulaya yalikuwa haba kwa watu waliokula vyakula vya shamba visivyokobolewa. Katika miaka ya 1970 waliandika sana juu ya jambo hilo.

Kazi za nyuzinyuzi ni hizi:

1. Hushika maji, choo kikawa laini. Maganda ya isapgol yauzwayo madukani Nairobi ni dawa kwa sababu hiyo.
2. Huchelewesha sukari kuingia katika damu.
3. Hulisha vijidudu vyema vya utumbo mpana.

Sasa mtazame mtu anayekula mkate mweupe asubuhi mjini, na jioni ugali wa unga mweupe Kawangware. Amenunua wanga; pumba imeliwa na ng'ombe wa Dagoretti!

Basi, siaga mahindi bila kuyakoboa, na upike maharagwe mara kwa mara. Anza kidogo kidogo, na unywe maji ya kutosha. Mwenye kisukari asiache dawa ya daktari.

Onyo: sumu ya ukungu hukaa zaidi katika pumba na kiini cha mahindi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kausha mahindi barabara kabla ya kuyaweka ghalani. Yaliyoota ukungu usile, wala usimpe ng'ombe, maana sumu huingia katika maziwa.

Maswali: Kwa nini ugali hugeuka mtamu kinywani? Na pumba ya mahindi yako huenda wapi?